Tuandikieni kwenye yai

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, kwa wakuu wa huduma za mifugo nchini, na kwa Shirika la Viwango Tanzania

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri, na habari za kazi kwa mliosalia. Mimi ni mkazi wa Kibaha, mfugaji wa zamani. Kwa miaka sita nilifuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yangu, mia tano kwa mkupuo, na huu ni mwaka wa tisa sijala nyama. Nayataja yote mawili mwanzoni kwa sababu mtu akisema hali nyama, wengi humwona ni mtu wa mjini aliyeshikwa na mambo ya kuiga. Mimi nimezoa maranda yaliyolowa kinyesi saa kumi alfajiri. Nimelala bandani na jiko la mkaa, umeme umekatika na vifaranga wana siku tatu. Haya ninayoyaandika nayajua kwa pua.

Siwaombi mwakataze Watanzania nyama choma. Ombi langu ni dogo, linaenea juu ya ganda la yai, na nitalifikia. Ila kwanza nieleze nilivyoshindwa, mwaka baada ya mwaka, kuzungumza na watu wangu kuhusu jambo hili.

Lugha yenyewe imetutangulia. Mnyama ni nyama iliyowekewa m- mbele. Mboga kwetu si lazima iwe jani: "Leo mboga nini?" "Nyama." Nenda kwenye sherehe yoyote Dar es Salaam, mwambie mhudumu huli nyama. Atakujibu kwa upole kabisa: "Sawa kaka, basi nikuletee kuku." Ukikataa kuku, anakutajia samaki. Ukikataa samaki, anamwita mkubwa wake. Hapo meza nzima inakugeukia na maswali matatu, daima kwa mpangilio uleule: Una gauti? Umekuwa Msabato? Au kuna mganga kakupa masharti? Hilo la mwisho huulizwa kwa kunong'ona, na mara nyingi anayeuliza anataka namba ya simu ya huyo mganga.

Miaka miwili ya kwanza nilikuwa mhubiri. Watu wameshika sahani zao za pilau, mimi naanza kusimulia jinsi kuku anavyokufa. Mtu ukimwambia kwamba chakula alichopikiwa na mama yake ni dhambi, hoja haisikii tena. Anachosikia ni mama yake kutukanwa. Shemeji yangu mmoja aliacha kunialika kwenye shughuli zake, na ningekuwa yeye nami nisingejialika.

Aliyenitoa huko ni mama mkwe. Ukweni kwangu ni Iramba, mkoani Singida, na kuku wa Singida hawahitaji kuelezwa kwa Mtanzania; mabasi yote ya barabara ile yanawafahamu. Safari yangu ya kwanza kule tangu niache nyama, nilikuta keshachinja. Nikaletewa firigisi. Mnajua maana yake mkwe kuwekewa firigisi. Niliitazama, jasho linanitoka, mwishowe nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, nisamehe, siku hizi sili." Mke wangu akainamisha uso. Mama hakukasirika. Alivuta kigoda, akaketi, akaniuliza: "Huli hii, au huli zile za kwenu?"

Zile za kwenu, maana yake kuku wa kisasa, wale niliokuwa nawafuga. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amewaacha tangu alipokuja kututembelea Kibaha, akachungulia bandani, akatoka bila kusema neno. Kuku asiyeweza kukimbia, aliniambia, huyo si kuku. Huyu wake alikuwa amechakura uani mwaka na nusu, ametotoa mara mbili, amewahi kumponyoka mwewe. "Huyu ameishi," alisema, "na nimemchinja mwenyewe kwa kisu kikali. Wako waliishi lini, baba?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo hatujakubaliana: yeye anaona kuku aliyeishi vizuri ni halali ya mlaji, mimi naona kama ninashiba bila yeye, basi nimwache. Ila usiku ule tulizungumza mpaka makaa yakawa majivu, jambo ambalo sikuwahi kuliweza na mtu yeyote kwa kuhubiri. Niligundua kwamba watu wetu wana kipimo chao tayari. Mwislamu amefundishwa anoe kisu na amstareheshe mnyama anayemchinja. Mkristo anasoma katika Mithali kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Mzee wa kijijini hamfungi nira ng'ombe mwenye kidonda shingoni, na hakusoma popote. Kipimo kipo. Kinachokosekana ni cha kupimwa, maana hakuna anayeonyeshwa.

Basi na nionyeshe.

Kuku wa nyama wa leo ametengenezwa kwa kuchagua mbegu, kizazi baada ya kizazi, ili akue upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, walichapisha mwaka 2014 ulinganisho wa kuku wa mbegu tatu, ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005, waliolelewa namna moja na kulishwa chakula kimoja. Walipofikisha siku 56, wale wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, wa 2005 gramu 4,202. Kwa hiyo wale wanaosema kuku hawa "wanapigwa sindano" wamekosea. Hakuna sindano. Haraka ile iko ndani ya damu yao, na kifaranga huja nayo kwenye boksi.

Mimi nilikuwa nauza kati ya siku ya 35 na ya 42. Mfugaji yeyote atawaambia kwamba kuku wa umri huo bado analia kama kifaranga. Mwili umekuwa wa mtu mzima, sauti ni ya mtoto. Wiki ya mwisho walikuwa wanakula wamelala. Wengine miguu iliwapindia nje wakawa wanajikokota kwa mabawa kuyafuata maji. Wengine waliruka mara moja, wakaanguka chali, basi, moyo umeshindwa. Siku moja ya Januari umeme ulikatika saa sita mchana, feni zikasimama, na hadi jioni nilikuwa nimetoa sitini na tatu kwenye viroba. Jirani alinipa pole ya hasara. Sikuwa na namna ya kumwambia kwamba si hasara iliyonikalisha chini pale mlangoni.

Wazazi wa kuku hao nao wana yao. Wakiachwa washibe hunenepa kupita kiasi, utagaji unaharibika na wengine wanakufa, kwa hiyo kwenye mashamba ya wazazi chakula hupimwa pungufu makusudi, na ndege aliyeumbwa na tamaa kubwa kuliko zote anashinda na njaa. Hili nililijua nilipokwisha kuacha. Ningelijua mapema labda ningeacha mapema, labda. Mkopo wa VICOBA nao ulikuwa unaningoja.

Na dawa. Siku vifaranga walipofika, dukani nilishauriwa niwatilie antibayotiki kwenye maji ilhali hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa. Nilipouliza ya nini, nikaambiwa, "ya kuwachangamsha." Siku za kusubiri kabla ya kuchinja zimeandikwa kwenye pakiti kwa herufi za kutafutwa na darubini, na mnunuzi wa kuku wa chipsi akija leo na fedha mkononi, anayemwambia arudi wiki ijayo sijamwona. Nilikosa, nakiri, na sikuwa peke yangu. Umoja wa Ulaya ulizuia antibayotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na Januari 2022 ukakataza kuzitumia kwa mazoea ili kuziba mapengo ya ufugaji mbaya. Makadirio yaliyochapishwa mwaka huohuo wa 2022 yalionyesha kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 moja kwa moja kwa bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoelemewa zaidi. Mlaji wa maharage naye yumo katika hesabu hiyo.

Hayo ni ya banda la mfugaji mdogo. Kilichonifanya nishike kalamu ni kingine: keji.

Kila Nane Nane siku hizi, kule Nzuguni, Dodoma, kule Morogoro, unakuta vizimba vya waya vimepangwa ngazi tatu, ngazi nne, na vijana waliovaa fulana safi wanaeleza. Kinyesi kinadondoka chini, mayai yanateremka yenyewe, kuku hawapigani, eneo dogo linabeba wengi. Yote ni kweli. Wasichokieleza ni kwamba tetea humo hakunjui bawa. Hana kiota cha kujificha anapotaga, na kujificha anapotaga ndicho kitu anachokitaka kuliko vyote; aliyewahi kutafuta mayai chini ya kitanda cha bibi anajua. Hana vumbi la kuogea. Nilimwuliza kijana mmoja kuhusu hilo vumbi. Akacheka: "Mzee, hii ni mashine ya mayai." Hakuwa mtu katili, alikuwa kazini.

Ulaya, kabla ya kuzikataza keji tupu za aina hiyo, kiwango cha mwisho kilichoruhusiwa kilikuwa sentimita za mraba 550 kwa kila tetea. Karatasi ya A4, hii mnayoitia sahihi kila siku, ina karibu 624. Tarehe 1 Januari 2012 wakaziondoa kisheria katika nchi zote za Umoja huo. Uswisi ilikuwa imekwisha kuachana nazo miaka 20 kabla. Sisi ndiyo kwanza tunazipigia picha kwenye maonyesho na kuziita maendeleo.

Naomba tufanye hesabu pamoja. Hotuba za bajeti za wizara zimezoea kutukumbusha kwamba mtu anatakiwa ale kilo 50 za nyama, anywe lita 200 za maziwa na ale mayai 300 kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mara 300, ni mayai zaidi ya bilioni 18. Tetea mzuri wa kisasa hutaga karibu mayai 300 kwa mwaka, maana yake lengo hilo ni tetea mmoja kwa kila Mtanzania, kuanzia mchanga wa leo hadi mzee wa mkongojo. Wangu mimi pia yumo, ingawa sijamwomba. Sasa naomba mniambie mmepanga akae wapi.

Tena ana kaka yake. Kila anapoanguliwa tetea wa mayai, huanguliwa pia jogoo asiyetaga wala asiyenenepa haraka. Kwetu hao huuzwa kwa bei ya kutupa, watu wakawalee. Kwenye viwanda vikubwa duniani huuawa siku ileile ya kwanza, wanaokadiriwa kufika bilioni 7 kwa mwaka, kwa mashine ya kusaga au kwa gesi. Ujerumani ilipiga marufuku Januari 2022. Kadiri tunavyokua ndivyo na sisi tutakavyolifikia swali hilo, na ni afadhali tulijibu kabla mashine haijanunuliwa.

Mtasema: nchi ina watoto waliodumaa, wewe unalilia mabawa. Hoja hiyo naiheshimu, nimelea watoto. Lakini kumbukeni mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwake, bei ikaanguka, na wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wakabaki na magunia wasiyojua wamuuzie nani. Protini ilikuwa imejaa ghalani nchini mwetu wenyewe, na bado tukawa tunahesabu lishe kwa kilo za nyama. Mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, maharage: havimo kwenye sentensi ile ya kilo 50, lita 200 na mayai 300. Siwaambii muifute sentensi hiyo. Ongezeni namba ya nne.

Sasa ombi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2004, yai la dukani hupigwa muhuri kwenye ganda lenyewe, na tarakimu ya kwanza inasema kuku aliishi vipi. 0 ni wa kilimo hai, 1 ni anayetoka nje, 2 ni aliye huru ndani ya banda, 3 ni wa kizimba, siku hizi kile kilichoboreshwa, si keji tupu. Hakuna aliyekatazwa kununua 3. Ila mama akiwa dukani analigeuza yai, anaona, anaamua, na hakuna mtu aliyemhubiria. Ujerumani maduka makubwa yaliacha yenyewe kuuza 3.

Kwetu trei ni trei. Muuzaji anakuapia kuwa haya ni ya kienyeji kabisa, huku yote thelathini yanafanana kama risasi. Na watu wanamlipa bei ya juu! Hapo ndipo mnapopaswa kusikia kwamba soko limekwisha kuamua: Mtanzania yuko tayari kuongeza fedha kwa ajili ya kuku aliyeishi, anachokosa ni uthibitisho. Anayepunjwa na ukimya huu ni mama mkwe wangu kule Iramba, ambaye yai lake la kweli linashindana na jina la yai lake. Anzeni na mashamba makubwa yanayouza madukani na hotelini. Ya mama wa kijijini yatambuliwe kwa kikundi chake, msimtwishe muhuri asioweza kuununua. Kuku wa nyama naye aandikiwe kwenye mfuko umri aliochinjwa. Siku 38. Basi, namba hiyo peke yake, mezani itazungumza kuliko nilivyozungumza mimi kwa miaka tisa.

Hamhitaji kuanza na ukurasa mtupu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia na iliunda baraza la kuishauri serikali. Baraza hilo liulizwe waziwazi kuhusu keji, na wakati linajibu, zisiruhusiwe mpya. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, inayotolewa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, isinunue kizimba hata kimoja. Kijana akishajifunga na deni la waya huwezi tena kumwomba aubomoe, atakuuliza nani atalipa, na atakuwa na haki. Antibayotiki zitoke kwa cheti cha daktari wa mifugo, na huyo daktari awepo, maana wilaya nyingi mfugaji anamfahamu mwenye duka tu.

Mwaka 2017, mwishoni mwa Oktoba, vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya waliteketezwa kwa moto pale Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Nilikuwa bado nafuga wakati huo. Kwa siku kadhaa nchi mbili zilizungumza habari za vifaranga: za mipaka, ujirani, fedha ya mfanyabiashara. Kwenye kijiwe chetu cha kahawa, mzee mmoja ambaye kwa kawaida hasemi aliuliza kama walikuwa hai. Tulinyamaza wote. Kisha mmoja akasema hao si wangekufa tu baada ya wiki tano, na mwingine akamjibu, "Kwa hiyo?" Mjadala ukaendelea mpaka adhana ya magharibi, wauza chipsi, wafugaji, madereva, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kama ana gauti. Mkupuo wangu wa mwisho niliuuza Desemba mwaka huo.

Banda bado lipo. Lina mita za mraba hamsini, sakafu ya saruji, na sasa linahifadhi mbaazi za kikundi cha jirani. Alama za vyombo vya maji bado zinaonekana sakafuni. Wataalamu wenu wakihitaji mahali pa kupima kwa futi kamba nafasi ya kuku mmoja, kabla kanuni haijaandikwa, waje. Ufunguo huwa kwa jirani wa mkono wa kulia, na chakula cha mchana nitapika mimi. Wasijali, wakisema hawali maharage nitawaletea kunde.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa zamani, Kibaha